Barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za afya: retina haiumi, msingoje mgonjwa alalamike

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wasimamizi wa bima za afya na wakuu wa vyuo vya udaktari na uuguzi

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa macho. Kazi yangu ya kila siku ni kumtia mgonjwa matone ya kupanua mboni, kumkalisha kwenye benchi dakika 20 au 30 mpaka mboni ifunguke, kumpiga picha ya nyuma ya jicho, kisha kumwingiza kwa daktari. Nawaandikia kwa sababu ya maneno ambayo wagonjwa huniambia karibu kila wiki, tena kwa sauti ya kujitetea, kana kwamba wametenda kosa: "Lakini halikuwa linauma, sista."

Wanasema kweli. Retina ni utando mwembamba, haufiki hata nusu milimita, uliotandazwa ndani ya jicho upande wa nyuma. Ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ujumbe wa kwenda ubongoni, na hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Punje ya mchanga ikikwaruza kioo cha mbele cha jicho, mtu halali, na alfajiri yuko mlangoni kwetu. Retina inaweza kuvuja damu, kuvimba, kuchanika, hata kubanduka yote, na mwenye jicho asihisi lolote. Jicho la pili likiwa zima, hukaa miezi bila kujua kwamba amebaki na moja. Wengi hugundua siku wanapofikicha lile zima.

Huduma mnazozisimamia zimejengwa kumngoja mgonjwa aje na malalamiko. Kwa jino au tumbo, utaratibu huo unafaa. Kwa retina, yule anayelalamika mara nyingi ameshachelewa, na yule ambaye tungemwokoa yuko nyumbani anaona vizuri kabisa. Ombi langu lote limesimama hapo.

Mwaka jana alikuja kwetu mwalimu mmoja. Usiku mmoja aliona vimulimuli pembeni mwa jicho la kulia, kama mtu anayewasha na kuzima tochi kwa mbali. Kesho yake vidoa vyeusi vikaanza kuelea mbele ya jicho hilo, vingi, kama masizi. Akaenda kituo cha afya kilicho karibu naye. Akasomeshwa chati ya herufi, akaifikia mistari ya chini bila taabu, akaambiwa jicho ni zima, hii ni aleji, akapewa matone. Siku ya tano kivuli kikaanza kupanda kutoka chini, upande wa puani. Aliendelea kutia matone kwa sababu aliambiwa amalize chupa. Alipofika kwetu ilikuwa siku ya 12, na jicho lile halikuweza tena kuhesabu vidole vya daktari.

Nilimwona daktari alipomulika. Retina ilikuwa imebanduka na kugeuka rangi ya kijivu, na kila mwalimu alipogeuza jicho ilipepea polepole kama shuka iliyolowekwa. Juu, upande wa sikio, palikuwa na mchaniko mdogo wenye umbo la kwato ya farasi. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba ilibidi daktari anionyeshe mara mbili. Hapo ndipo maji yalipopitia yakaingia nyuma ya retina na kuibambua kutoka ukutani.

Siku ile ya vimulimuli, mchaniko huo ungezungushiwa leza kwa dakika chache, mgonjwa akiwa ameketi kitini na ganzi ya matone tu, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Badala yake alifanyiwa upasuaji mkubwa: ute unaojaza jicho ukatolewa, retina ikalazwa upya, jicho likajazwa gesi, naye akalala kwa mkao mmoja aliopangiwa siku kadhaa. Upasuaji ulifanikiwa na retina ikarudi mahali pake. Kusoma hakukurudi, kwa kuwa kitovu cha retina, ile sehemu ndogo tunayotumia kusomea na kutambua nyuso, kilikuwa kimetengana na ukuta wake kwa zaidi ya wiki.

Simlaumu aliyempa matone. Najua alichofundishwa chuoni, maana nami nilifundishwa hicho hicho: jicho jekundu, jicho lenye usaha, mtoto wa jicho, presha ya macho, na kuhusu retina nusu ukurasa mwishoni, wakati mtihani umeshakaribia. Hakuna aliyemwambia kwamba umri ukisogea ule ute wa jicho hunywea na kujivuta kutoka kwenye retina, na kwamba mara nyingi hutoka salama, lakini kati ya watu 100 wanaokuja na vimulimuli na vidoa vya ghafla, 10 hadi 15 hivi huwa retina yao imeshachanika. Chati ya herufi haiwezi kuwaonyesha hao. Chati hupima kitovu peke yake, na mchaniko huanzia pembeni. Kabla ya Jules Gonin, daktari wa Lausanne nchini Uswisi, aliyeshikilia miaka ya 1920 kwamba chanzo ni tundu na lazima lizibwe, karibu kila aliyebandukwa retina alipofuka. Sasa wengi sana hupona kwa upasuaji mmoja, mradi wafike mapema. Dawa ya tatizo hili ipo. Kinachokosekana ni mtu wa mapokezi anayejua kwamba vimulimuli na vidoa vya ghafla ni shughuli ya leo hii.

Nije kwenye kisukari, ambacho ndicho kinachojaza benchi letu.

Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, kuta za mishipa midogo ya retina hulegea. Kwenye picha naona kwanza vinundu vyekundu kama ncha ya pini. Halafu madoa ya damu, halafu mafuta ya njano yaliyoganda kama nta pale mishipa ilipovuja. Sehemu za retina zinazokosa damu huomba msaada kwa kemikali, na jicho huitikia kwa kuotesha mishipa mipya. Mishipa hiyo ni dhaifu mno. Hupasuka na kujaza jicho damu, au hukomaa ikawa makovu yanayoivuta retina mpaka ibanduke. Nimepiga picha macho ambayo mishipa mipya ilikuwa imeshatambaa juu ya neva ya jicho, na dakika 40 kabla ya picha mwenyewe alikuwa amesoma mstari wa mwisho wa chati, akatabasamu, akaniuliza kwa nini tunampotezea muda.

Kati ya watu wenye kisukari, theluthi moja hivi huwa na dalili fulani kwenye retina, na mmoja kati ya kumi hivi yuko kwenye hatua ya kutishia uoni. Kwamba leza huwaokoa si jambo jipya: utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1970 ulionyesha kuwa kuchoma retina ya pembeni kwa mwanga, kwa waliofikia hatua ya hatari, hupunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu. Kitovu kikivimba, siku hizi tuna sindano. Na kabla ya hayo yote kuna kuidhibiti sukari yenyewe: mwaka 1993 utafiti kwa wagonjwa wa kisukari aina ya 1 ulionyesha kuwa udhibiti makini ulipunguza uwezekano wa ugonjwa wa retina kuanza kwa asilimia 76.

Kwa hiyo tunajua la kufanya, na tunajua lini. Mwenye aina ya 2 atazamwe retina siku zile zile anapogundulika, kwa sababu sukari ilikuwa imeshamkaa miaka kabla hajajua. Mwenye aina ya 1 ndani ya miaka 5. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba atazamwe miezi ya mwanzo, kwa kuwa mimba huweza kuusukuma ugonjwa mbele haraka. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi picha ikisema hivyo. England na Wales zilianzisha mpango wa kitaifa wa picha za retina mwaka 2003, na utafiti uliochapishwa 2014 ukaonyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika miaka 50 au zaidi, ugonjwa wa retina wa kisukari haukuwa tena sababu kuu ya upofu unaosajiliwa kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Watafiti walitaja mpango huo wa picha kuwa moja ya sababu zinazowezekana, pamoja na matibabu bora ya sukari.

Ninachowaomba hapa ni kitu kimoja: toeni kamera kwenye jengo la macho, iwekeni kwenye kliniki ya kisukari. Mgonjwa anayekuja kupimwa sukari na kuchukua dawa apite mbele ya kamera siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka. Tukimwambia aende siku nyingine, mahali pengine, kwa jicho ambalo halina shida yoyote, haendi, na mimi nikiwa yeye nisingeenda. Picha si lazima isomwe na daktari bingwa aliyeketi pale. Inaweza kutumwa kwa msomaji wa picha aliyefundishwa, na tangu 2018 Marekani imeruhusu programu ya kompyuta itoe jibu la awali yenyewe bila daktari kuisoma picha. Ila nawasihi jambo: msinunue kamera kabla hamjatenga siku za leza. Kumpiga mtu picha, kumwambia ana hatari, kisha kumpa karatasi ya rufaa isiyo na tarehe, ni kumkabidhi hofu na kumwacha njiani. Nimewahi pia kuiona mashine ya kuchunguza tabaka za retina, ya thamani kubwa, imefunikwa kitambaa miezi saba kwa sababu mtu pekee aliyefundishwa kuitumia alihamishwa. Mafunzo na marudio ya mafunzo yaandikwe kwenye bajeti ile ile ya kifaa.

Tena yako mambo yasiyohitaji fedha. Kifaa cha mkononi cha kutazamia nyuma ya jicho kilibuniwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1851, na vituo vingi vinacho, kimelala kabatini, betri zimekufa. Wahudumu wanaogopa kupanua mboni kwa sababu waliambiwa inaweza kupandisha presha ya jicho ghafla. Inaweza, kwa watu wachache sana, na dalili zake zinafundishika asubuhi moja: maumivu makali, jicho jekundu, kichefuchefu, taa kuzungukwa na duara za rangi. Waandikieni waraka unaowaruhusu wauguzi na matabibu waliofundishwa kutia matone hayo. Mboni iliyofumba ni tundu la ufunguo, na ukichungulia hapo unaona kipande tu.

Sasa niseme na wasimamizi wa bima, kuhusu sindano.

Mwanamke mmoja wa miaka 71 alituambia kwamba fremu ya dirisha lake imepinda. Alikuwa amemwita hadi fundi. Fundi alipomwambia iko sawa, alifumba jicho moja moja akagundua kwamba dirisha linapinda kwa jicho la kushoto tu. Mistari iliyonyooka kuonekana imepinda ni dalili ya kitovu cha retina kuinuliwa na majimaji au damu, na kwa umri wake ilikuwa aina ya majimaji ya ugonjwa wa kitovu unaoletwa na uzee. Aina kavu ndiyo ya wengi, kama wanane au tisa kati ya kumi, nayo huenda polepole. Aina ya majimaji ni ya wachache lakini ndiyo huharibu haraka, kwa majuma.

Dawa yake ni sindano ndani ya jicho, na najua neno hilo linavyotisha, kwa hiyo nieleze. Tunatia ganzi ya matone, tunasafisha kope na jicho kwa iodini, tunaweka kibano kidogo kinachozuia kope zisifumbe, na daktari anachoma sindano nyembamba sana kwenye weupe wa jicho, milimita 4 hivi kutoka ukingo wa sehemu ya rangi. Ni sekunde chache. Yule mama alinishika mkono, na alipoambiwa tayari, akauliza wataanza lini. Dawa huzuia ile kemikali inayootesha mishipa mibovu. Kabla ya sindano hizi, zilizoanza kutumika sana 2005 na 2006, tulichoweza mara nyingi ni kupunguza tu kasi ya hasara. Sasa wagonjwa wengi hubaki na uoni waliokuja nao, na baadhi huongeza mistari kwenye chati.

Lakini hazifanyi kazi mara moja tu. Kwa kawaida huanza na tatu, mwezi hadi mwezi, kisha huendelea kwa nafasi ambayo jicho lenyewe linaonyesha. Bima yake iliidhinisha moja, ikadai maombi mapya kwa kila itakayofuata. Ya pili ilipita kwa wakati. Ya tatu ilikaa mezani kwa mtu wiki 11. Aliporudi, damu ilikuwa imemwagika chini ya kitovu na kovu limeanza. Waheshimiwa wa bima, idhinisheni matibabu ya mwaka mzima pale daktari anapothibitisha ugonjwa, kisha mkague mwishoni mwa mwaka kadiri mtakavyo. Kukata idhini vipande vipande kunawagharimu sindano zile zile, na mgonjwa anapoteza jicho.

Nanyi mnaonunua dawa: mwaka 2011 utafiti wa Marekani uliolinganisha bevasizumabu, iliyotengenezwa awali kwa ajili ya saratani, na ranibizumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho, ulikuta matokeo ya uoni yanalingana, huku bei ya dozi ikitofautiana mara nyingi sana. Shirika la Afya Duniani limeiweka bevasizumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya jicho tangu 2013. Mahali pasipokuwa nayo, watu wanapofuka wakisubiri ya bei kubwa. Sharti lake ni moja na si la kufanyia mchezo: chupa moja hugawanywa kwenye sindano nyingi, na ugawaji huo ufanyike kwenye famasia yenye chumba safi, kwa mikono iliyofundishwa. Bakteria wakiingia ndani ya jicho, jicho linaweza kupotea ndani ya siku mbili.

Kwa aina kavu, tuwaambie watu ukweli. Kuacha sigara kunasaidia. Vidonge maalumu vya vitamini na madini vimethibitika kupunguza kwa robo hivi uwezekano wa kufikia hatua mbaya, lakini kwa walio hatua ya kati tu. Kumwuzia kila mzee ni kumtoa pesa bure.

Mengine niyapitie mbio, ingawa kila moja lingestahili barua yake. Mshipa wa kurudisha damu kutoka kwenye retina ukiziba, mara nyingi nyuma yake kuna presha ya damu isiyotibiwa: mgonjwa arudi kwetu kwa sindano na aende pia kwa daktari wa presha. Ateri, mshipa unaoleta damu, ikiziba, jicho likazima ghafla bila maumivu, hicho ni kiharusi, na mtu huyo apelekwe siku hiyo hiyo panapotibiwa kiharusi. Wenye selimundu (sikoseli) wanatengwa na kliniki za macho bila sababu, ilhali retina zao huota mishipa mibovu kama za wenye kisukari. Wanaotumia haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi na baridi yabisi, kwa miaka wapimwe kila mwaka baada ya mwaka wa 5. Na mtoto ambaye mboni yake hung'aa nyeupe kwenye picha za nyumbani atazamwe mara moja, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya retina, na ikiwahiwa hutibika.

Wa mwisho ni watoto njiti, na hapo nitakaa kidogo, kwa maana ndio wagonjwa wasioweza kulalamika hata wakitaka.

Mishipa ya retina hukamilika karibu na wiki ya 40 ya mimba. Mtoto akizaliwa wiki ya 28, sehemu ya retina bado haijafikiwa na damu, na oksijeni nyingi tunayompa ili aishi inaweza kuivuruga mishipa hiyo ikaota ovyo na kuivuta retina. Haya yalijulikana tangu miaka ya 1950, baada ya maelfu ya watoto kupofuka kwenye wodi zilizokuwa za kisasa kuliko zote wakati huo. Leo yanajirudia popote wodi za njiti zinapofunguliwa bila mpango wa macho. Wanaozaliwa chini ya gramu 1500, au kabla ya wiki ya 30 hadi 32, watazamwe retina wiki ya 4 hivi baada ya kuzaliwa, na palipo na uangalizi hafifu wa oksijeni watazamwe hata wakubwa kuliko hapo, kwa kuwa nao hupata. Ugonjwa ukifikia kiwango cha kutibiwa, leza au sindano inatakiwa ndani ya saa 72.

Mtoto mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani siku ya 24. Alikuwa ameongezeka uzito, ananyonya, wodi nzima ilimpigia makofi, na ilistahili. Hakuna aliyemwandikia mama tarehe ya macho. Alimleta kwetu ana miezi saba, kwa sababu haangalii uso wake anapomnyonyesha. Retina zote mbili zilikuwa zimevutwa na kukunjamana nyuma ya lenzi. Hatukuwa na la kumfanyia.

Msiruhusu wodi ya njiti ifunguliwe bila vitu vitatu: kipima oksijeni kwa kila mtoto, kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa, na jina la mtu atakayekuja kutazama retina pamoja na siku yake ya wiki. Fomu ya kuruhusiwa iwe na mstari wa tarehe ya macho, na mstari huo ukiwa mtupu, mtoto asitoke.

Waraka na bajeti najua huchukua muda. Wakati mnazishughulikia, kuna karatasi ambayo tumeibandika kwenye dirisha letu la mapokezi, kwa herufi kubwa, na inaweza kubandikwa kwenye kila dirisha la mapokezi kabla ya Ijumaa. Sina hakimiliki nayo. Inasema hivi:

Vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla, au pazia mbele ya jicho: aonwe leo, mboni ipanuliwe, hata kama anasoma chati yote.

Mistari iliyonyooka inaonekana imepinda: aonwe wiki hii.

Ana kisukari: muulize picha ya mwisho ya retina ilipigwa lini. Hakumbuki, au ni zaidi ya mwaka: apigwe leo.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa macho